Tunabishana sana, lakini tunabisha hodi wapi?

Tarehe 15 Julai 2025, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa kwenye basi natoka zamu ya usiku, simu ikatetemeka. Kundi letu la WhatsApp, la Waswahili wa Edmonton, jimbo la Alberta, Kanada. Mzee mmoja wa Bukavu, mtu tunayemheshimu wote, alikuwa ameandika: "Jamani, ile hela ya kaboni imeingia kwenu? Kwangu bado." Mama mmoja wa Kisumu akajibu kwamba na yeye hajaiona. Kijana wa Bujumbura akasema tusubiri mpaka jioni, huenda ni mambo ya benki.

Hela ile haikuingia jioni, wala haitaingia tena. Kodi ya kaboni kwa wananchi wa kawaida, iliyotozwa kwenye gesi na petroli huku watu wakirudishiwa hela kila miezi mitatu, iliondolewa tarehe 1 Aprili 2025, na marejesho ya mwisho yakalipwa tarehe 22 mwezi huohuo. Tulikuwa tumeibishania kodi hiyo mwaka mzima na zaidi. Watu wawili walijitoa kwenye kundi kwa ajili yake, na kuna dada aliyeacha kumsalimia shemeji yake kanisani. Halafu Julai ikafika, na watu wazima wenye akili timamu, mzee huyo akiwa mmoja wao, wakawa wanasubiri marejesho ya kodi ambayo walishangilia ilipoondoka.

Nilikaa pale kiti cha nyuma moyo unaniuma, kwa sababu mimi ndiye admini wa kundi hilo. Mabishano yote yalipita mbele ya macho yangu, mengine niliyachochea mwenyewe, na mwaka mzima hakuna aliyetoka akijua zaidi ya alivyoingia.

Kundi lenyewe lilianzishwa kwa ajili ya misiba. Mtu akifiwa Uvira au Kasulu, tunachanga rambirambi ili apate nauli, au walau hela ya kutuma nyumbani. Sasa tuko mia mbili na kitu: Wakongo wa Kivu ndio wengi, Warundi, Wakenya, Watanzania wachache tukiwemo sisi wa Kigoma, na mama mmoja wa Kiismaili ambaye wazazi wake walifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 na ambaye kwa methali za Kiswahili hatumwezi. Wengi tunahudumia wazee, tunafungasha nyama au tunaendesha malori. Siasa tunazibishania saa nane za usiku, wakati wa mapumziko, simu imeegemezwa kwenye kikombe cha chai.

Na tunazibishania bila magazeti. Juni 2023 Bunge la Kanada, lililoko mji mkuu Ottawa, lilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni kubwa za mtandao zivilipe vyombo vya habari. Google ikakubali kutoa dola milioni 100 kwa mwaka. Meta, wenye Facebook na Instagram, ikakataa, na tangu Agosti mwaka huo ukijaribu kuweka habari ya gazeti kwenye Facebook au Instagram ukiwa Kanada, haifunguki. Mwezi huohuo mji wa Yellowknife, wenye watu karibu 20,000, ulikuwa unahamishwa kwa sababu ya moto wa msituni, na watu walikuwa wanaandikiana kwa mkono habari ambazo gazeti lilikuwa limeshaziandika. Sisi tulizoea kuchukua habari Facebook na kuzileta WhatsApp. Habari zilipozuiwa, zikabaki picha za skrini. Picha ya skrini haina tarehe, haina mwandishi, imekatwa juu na chini, na juu yake WhatsApp inaandika "Imesambazwa mara nyingi", maneno ambayo kwetu yamegeuka kuwa sifa.

Mapema mwaka 2025 ilizunguka moja iliyosema Kanada itapokea wahamiaji 500,000 mwaka huo. Ilikuwa kweli iliyokufa. Mpango wa 500,000 ulikuwepo, lakini Oktoba 2024 serikali iliupunguza hadi 395,000, kisha 380,000 kwa mwaka 2026 na 365,000 kwa mwaka 2027. Tarehe ndiyo iliyokatwa kwenye picha. Sisi tuliitumia kurushiana maneno, wengine wakisema nchi inajaa, wengine wakisema hao ni wabaguzi. Kumbe kuna mwenzetu aliifowadi kwa mdogo wake Nairobi, na kijana akaanza kutafuta mteja wa bodaboda zake mbili ili amlipe wakala. Tulimwahi, bodaboda moja ikiwa imeshauzwa.

Mabishano ya kodi yalinifundisha kitu siku nilipoyafuata nyumbani kwa mwenyewe.

Ilikuwa Februari 2025, nje baridi ya nyuzi 28 chini ya sifuri. Mzee wa Bukavu alikuwa ametuma sauti ya dakika sita, anasema serikali inatuua, anataja jina la Trudeau, Waziri Mkuu wa wakati ule, kama mtu anayetaja ugonjwa. Trudeau mwenyewe alikuwa ameshatangaza tangu tarehe 6 Januari kwamba atajiuzulu. Nilianza kuandika jibu, nikalifuta, nikamwambia mume wangu anipeleke. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba kama alivyozoea kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, alikoishi miaka 14. Mama akatuwekea chai na sombe iliyobaki mchana. Mzee akainuka, akaja na bahasha.

"Mama, kaa. Usome wewe mwenyewe."

Ilikuwa bili ya gesi ya kupashia joto nyumba, ya mwezi Januari. Gigajuli 16. Gesi yenyewe dola 30 na kitu. Chini yake, mstari unaojitegemea, kodi ya kaboni ya serikali kuu: dola 65 na senti. Kodi ilikuwa imeizidi gesi karibu mara mbili. Mzee aliweka kidole pale, hakusema kitu. Nilikuwa nimetumia mwaka mzima kuwaambia watu kwenye kundi kwamba kodi hii haimuumizi mtu wa kawaida, na sikuwa nimewahi kuutazama ule mstari na mtu aliyeulipa. Kwangu mwenye nyumba hulipa gesi, mimi nalipa pango.

Nikamwomba anionyeshe taarifa ya benki. Mwanawe anayesoma sekondari akaifungua kwenye simu. Tarehe 15 Januari: dola 506 na senti 25. Jina la malipo lilikuwa limefupishwa hata halisomeki. Mzee akasema hiyo ni hela ya watoto. Hela ya watoto huingia tarehe 20, nikamwonyesha, hii hapa. Basi ni ile ya wenye kipato kidogo, ya kurudishiwa kodi ya mauzo. Hiyo nayo iliingia tarehe 3, hii hapa. Tukahesabu: Alberta mwaka huo mtu mzima alirudishiwa dola 225 kila miezi mitatu, mwenzi wake 112 na nusu, kila mtoto 56 na robo. Yeye, mama, watoto watatu. 506.25, haikupungua senti.

Akanyamaza muda mrefu. Tukachukua karatasi nyuma ya bahasha. Gesi ya miezi mitatu, tuseme 180. Petroli, senti 17.6 za kodi kwa lita, anajaza lita 50 kwa wiki, miezi mitatu inafika kama dola 115. Jumla haifiki 300. Anarudishiwa 506.

"Na nyanya?" akauliza. "Lori lililoleta nyanya kutoka kule chini halikulipa mafuta?"

Sikuwa na jibu la nyanya. Kodi iliyo ndani ya nyanya haiandikwi kwenye risiti, na mtu yeyote anayekuambia kwamba bahasha ile ilimaliza mjadala anakudanganya. Lakini tulikuwa tumefika mahali ambapo swali lake lilikuwa bora kuliko sauti yake ya dakika sita, na bora kuliko jibu nililolifuta.

Kazini nilipata upande mwingine. Kuna babu mmoja Mzungu, mkulima mstaafu, ambaye alfajiri namvalisha soksi. Ana kishikwambi, anaandika maoni kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, kwa hasira ambayo vidole vyake haviwezi kuifuata. Nilipomwambia habari ya 506, alicheka kwa uchungu, akaniuliza kama najua nafaka inakaushwaje. Sikujua. Akanieleza: msimu wa mavuno ukiwa na mvua, ngano na kanola zinaingia ghalani zikiwa na unyevu, usipozikausha zinaoza, na mashine ya kukausha inakula gesi au propeni usiku na mchana. Dizeli ya trekta shambani ilikuwa imesamehewa kodi. Gesi ya kukaushia haikusamehewa. Akaongeza jambo ambalo Alberta nzima ilikuwa na donda nalo: Oktoba 2023 serikali kuu ilisamehe mafuta ya aina ya dizeli ya kupashia joto nyumba kwa miaka mitatu, mafuta yanayotumika sana majimbo ya pwani ya Atlantiki, huku sisi wa gesi tukiachwa palepale. "Wale wana wabunge wa chama cha Trudeau," akasema, nikamvalisha soksi ya pili.

Pierre Poilievre, kiongozi wa upinzani, alizunguka nchi akiahidi kuifuta kodi ile. Mark Carney, wa chama kilekile cha Trudeau kilichoileta, aliapishwa kuwa Waziri Mkuu tarehe 14 Machi 2025 na siku hiyohiyo akasaini kuiondoa. Uchaguzi ulipofika tarehe 28 Aprili, chama cha Carney kilipata viti 169 kati ya 343 na Poilievre akapoteza hata kiti chake mwenyewe. Kwenye kundi letu usiku ule watu walitukanana juu ya kodi ambayo ilikuwa imeshaondoka wiki nne nyuma. Nilifunga kundi hadi asubuhi, mara ya kwanza tangu lianzishwe.

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili: unabisha maneno ya mtu, na unabisha hodi mlangoni kwake. Nimelifikiria sana neno hilo mwaka huu. Sisi la kwanza tunalifanya kila siku. La pili hatulifanyi, na sababu kubwa ni kwamba hatujui mlango ni upi.

Wengi wetu tumekulia mahali ambapo serikali tuliiona ni moja. Shule ni serikali, hospitali ni serikali, mkuu wa wilaya ni serikali, na juu kabisa kuna mtu mmoja ambaye picha yake iko ukutani. Ukilalamika, unalalamikia picha ile. Kanada hakuna ukuta wa namna hiyo. Katiba yao ya mwaka 1867 iliigawa kazi: Ottawa ikachukua jeshi, sarafu, posta, uraia, sheria za jinai, majimbo yakachukua hospitali na shule, na miji ikawekwa chini ya majimbo. Ottawa huchangia hela za hospitali na kuweka masharti, sheria ya mwaka 1984 inakataza mgonjwa kutozwa kwa huduma za lazima, lakini anayeamua wauguzi wangapi wawe zamu usiku huu hapa Edmonton hayuko Ottawa. Mama mmoja wa kundi alikaa saa tisa chumba cha dharura na mtoto mwenye homa. Aliporudi alirekodi sauti akimlaani Waziri Mkuu wa Kanada, na watu arobaini wakaweka alama ya machozi. Kilio chake kilikuwa cha haki kabisa. Kilienda kwa mtu ambaye hana ufunguo wa chumba kile.

Sasa nije kwenye lile lililotuumiza kuliko yote, ambalo mpaka leo naliandika kwa tahadhari.

Julai 2023 zilianza kuingia picha kutoka Toronto. Watu weusi wamelala kando ya barabara ya Peter, katikati ya jiji, nje ya ofisi inayopokea wasio na makazi. Maboksi, mablanketi, masanduku ya safari yamefungwa kwa kamba. Wengi walikuwa waomba hifadhi kutoka Afrika, Wakenya na Waganda wakiwemo, na ukikuza picha unaweza kumwona mtu amefunga kanga kichwani. Jiji lilisema wakimbizi ni mzigo wa Ottawa, makazi yake yamejaa. Ottawa ikasema makazi ni kazi ya jiji na jimbo. Milango mitatu, yote ikionyesha mwingine, na watu wamelala katikati. Makanisa ya watu weusi kaskazini mwa jiji ndiyo yaliyofungua, yakawalaza watu kwenye kumbi zao na kuwapikia, mpaka katikati ya mwezi Ottawa ilipotangaza dola milioni 212 kwa nchi nzima, milioni 97 kati ya hizo zikienda Toronto.

Mitandaoni Wakanada walikuwa wanabishana kama kawaida yao. Hayo nilikuwa nimejiandaa kuyasoma. Ambayo sikuwa nimejiandaa ni kundi langu mwenyewe. Mzee wa Bukavu aliandika: "Wafuate foleni kama sisi. Mimi nilisubiri miaka 14." Na chini yake, moja baada ya nyingine, alama za kukubali. Watu wa Nyarugusu, wa Kakuma, wa Dadaab. Watu waliozalia watoto ndani ya mahema, waliohojiwa mara tano, waliopimwa damu, waliobandikiwa majina ubaoni na kufutwa.

Mimi ni mtoto wa Kasulu. Mama yangu aliuza dagaa soko la kambini, nami nilikuwa namsaidia kubeba beseni. Nawajua watu wale wakisubiri. Nimeona mtu anaoga, anavaa shati lake zuri, anakwenda kutazama ubao, anarudi, analivua shati analikunja. Kwa hiyo sitakubali mtu amwambie mzee yule kwamba uchungu wake ni ubaguzi.

Lakini kwenye kundi hilohilo kulikuwa na yule mama wa Kisumu, na mtoto wa dada yake alikuwa pale kwenye maboksi. Aliingia kwa viza ya utalii, mwaka ambao Ottawa ilikuwa imelegeza baadhi ya masharti ya viza hizo ili kupunguza mrundikano wa maombi. Mama alisoma yote, akakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akatuma sauti ya sekunde ishirini, kwa Kiswahili cha taratibu: "Mtoto wangu amenyeshewa mvua jana usiku. Nilitaka tu mjue ni nani mnayemzungumza."

Hakuna aliyejibu. Mimi pia sikujibu, na hilo najilaumu nalo.

Baadaye tulimwalika mtu anayefanya kazi za msaada wa kisheria aje kanisani kwetu Jumamosi moja, akatueleza kwa saa mbili. Mengi nilikuwa siyajui. Mwaka 1985, tarehe 4 Aprili, Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua katika kesi ya Singh kwamba kila mtu aliyeko katika ardhi ya Kanada analindwa na Mkataba wa Haki na Uhuru ulio ndani ya katiba yao, raia na asiye raia, na kwamba mwomba hifadhi ana haki ya kusikilizwa kwa mdomo kabla ya kukataliwa. Ndiyo maana anayeomba akiwa tayari ndani ya nchi kwa kawaida anakwenda mbele ya Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi, na wa kambini anachaguliwa akiwa hukohuko nje. Kila kundi lina hesabu yake katika mpango wa mwaka. Yule kijana wa Kisumu hakukaa kwenye kiti cha mtu wa Nyarugusu. Foleni tuliyoipigania haikuwa moja. Mzee alikuwa mstari wa mbele, na daftari.

Akauliza: "Na hesabu ya wa kambini, nani anaiandika?"

Mgeni akamjibu kwamba ni waziri wa uhamiaji, kila mwaka, na kwa kawaida inatakiwa iwasilishwe Bungeni ifikapo tarehe 1 Novemba.

"Basi mimi nina neno na huyo," mzee akasema.

Sijamsikia akimwomba radhi mama wa Kisumu. Wiki hiyo alimtumia dola 100 za yule kijana, bila maelezo, na mama akazipokea bila maelezo. Bado anaamini watu wa Nyarugusu wangepewa kipaumbele, na mimi, kusema kweli, katika hilo niko upande wake. Tulichokosea ni kuwarushia jiwe watu waliolala chini, wakati aliyekata hesabu alikuwa amekaa mezani.

Oktoba 2025 ndipo nilipoona kundi likibadilika, kidogo.

Tarehe 6 Oktoba walimu wa Alberta, zaidi ya 51,000, waligoma. Walikuwa wamepewa nyongeza ya asilimia 12 kwa miaka minne na ahadi ya walimu 3,000 zaidi, wakaikataa kwa karibu asilimia 90. Walitaka idadi ya watoto darasani iwekewe kikomo. Siku ya kwanza sauti zilianza: Carney amefanya nini, Carney ameharibu shule. Mzee wa Bukavu akaandika mstari mmoja: "Shule si ya Ottawa. Ni ya jimbo." Nilisimamisha kazi nikausoma mara mbili.

Hapo mabishano yakawa na nyama. Wengine walisema walimu wana tamaa, mbona sisi tunalipwa chini yao na hatugomi. Wengine wakaleta hesabu ya madarasa ya watoto wao: 34, 36, 31. Binti wa mama wa Kisumu anasoma darasa la watoto 34 ambalo karibu theluthi ndiyo kwanza wanajifunza Kiingereza, na mwalimu ni mmoja. Mtu akasema kosa ni la wahamiaji, ndio waliojaza. Kijana wa Bujumbura akamkumbusha kwamba ni serikali ya Alberta yenyewe iliyobandika matangazo Toronto na Vancouver tangu 2022 ikiwaita watu wahamie huku, na kwamba mwaka 2023 peke yake jimbo liliongezeka watu zaidi ya 200,000. Ukiwaalika wageni, akasema, unanunua sahani. Hela ya dola 30 kwa siku kwa kila mtoto wa hadi miaka 12, iliyotolewa na jimbo wakati wa mgomo, nayo iligawanya watu. Mama mmoja alisema kwake ilikuwa nafuu ya kweli, kwa sababu alikosa zamu nne, na asikilizwe.

Tulikwenda ofisi ya mbunge wetu wa jimbo Alhamisi moja katikati ya mgomo. Mimi, mzee, mama wa Kisumu na binti yake. Nusu ya kundi letu ni wakazi wa kudumu ambao hawana kura, si ya Ottawa, si ya jimbo, si ya uchaguzi wa mji uliokuwa tarehe 20 mwezi huo, na kwa miaka wameniambia hawana haki ya kuuliza. Mama wa Kisumu ni mmoja wao. Ofisi iko kati ya duka la miwani na mahali pa kufanyia kucha, mlango wa kioo. Mzee akausukuma nusu, akasimama, akaita kwa sauti kama yuko uani kwa jirani: "Hodi!"

Msichana wa mapokezi akainua kichwa, hakujua amjibu nini. Akatabasamu, akasema karibuni, kwa Kiingereza. Hakuuliza uraia. Aliuliza majina na namba ya posta ya mtaa. Mbunge hakuwepo. Binti alikuwa ameandika karatasi moja kwa mwandiko wake, idadi ya watoto, idadi ya viti, na kwamba yeye na rafiki yake hukalia kiti kimoja siku za maabara. Msichana aliisoma yote mbele yetu, akaigonga muhuri wa tarehe, akampa binti nakala. Mzee aliomba na yeye agongewe muhuri kwenye daftari lake, na akagongewa.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Oktoba bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuwarudisha walimu kazini, likatumia kifungu cha 33 cha ule Mkataba wa Haki, kinachoruhusu serikali kuweka kando baadhi ya haki hizo. Faini ya dola 500 kwa siku kwa mwalimu atakayekaidi, 500,000 kwa chama chao. Jumatano tarehe 29 watoto walirudi darasani, na darasa la binti bado lina watoto 34. Binafsi naona ilikuwa dhuluma kwa walimu, na nimesema hivyo kwenye kundi kwa jina langu. Kuna waliofurahi watoto wao kurudi shule, nao wamesema kwa majina yao.

Wiki tatu baadaye barua ya mbunge ilifika kwa mzee, ukurasa mmoja. Inashukuru, inaeleza msimamo wa serikali, na katika aya ya tatu inataja tume itakayoangalia hali za madarasa. Mzee aliipiga picha mbele na nyuma, tarehe ikionekana, saini ikionekana, akaiweka kwenye kundi saa nane usiku. Nilipotoka kazini kulikuwa na ujumbe sitini na moja. Wengi walikuwa wanabishana juu ya aya ya tatu: tume hiyo ina nani ndani yake, na inakaa wapi.